Mjomba Hulala Pembeni

Nimechoka. Naanza na hilo ili mwalimu wa Kemia akibahatika kusoma hapa ajue kwamba siku ile aliponikuta nimelalia kitabu chake sikuwa na dharau. Dharau huwa naipanga tangu asubuhi. Usingizi ndio hunijia bila kubisha hodi.

Na kama kuna mwanafunzi wa Kidato cha Nne hapa Kisumu mwenye haki ya kuzungumza juu ya usingizi, ni mimi. Katika miaka miwili nimelala katika nyumba tano, na hakuna hata moja iliyo yetu. Yetu iko Nyalenda, chumba kimoja chenye pazia katikati: upande huu jiko na viti, upande ule kitanda cha mama na dada zangu wawili wadogo. Mimi ni mtoto wa nyumba hiyo mchana. Jua likizama nakuwa mgeni.

Kwetu Wajaluo, mvulana akishabaleghe halali tena katika nyumba anamolala mama yake. Hakuna aliyenikalisha chini akanifundisha hilo; ni kama kutokula sabuni, unakua ukijua. Kijijini si taabu. Unajijengea simba, kibanda chako mwenyewe karibu na lango, unalala humo kama chifu pamoja na panya wako. Sasa Nyalenda simba utaisimamisha wapi, juu ya kichwa cha mwenye nyumba? Nilipokuwa Kidato cha Pili, jioni moja niliomba chumvi, na sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya mzee wa kanisa. Dada zangu wakacheka mpaka mchuzi ukawatoka puani. Mama hakucheka. Alinipa chumvi, na tulipomaliza kula akanipa blanketi.

"Baba," akasema. Huniita Baba anapotaka kuniambia jambo baya. "Umeshakuwa mtu mzima. Nimeongea na jirani, utalala na kijana wake."

Kijana wa jirani alikuwa fundi wa baiskeli, na alilala chali, mikono huku miguu kule, kama mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa. Kiwiko chake kilinitoa damu puani, na asubuhi akaniuliza nimepigana na nani. Baada yake nikapelekwa kwa kiongozi wa vijana kanisani kwetu. Yeye alilala kifudifudi, uso wote ndani ya mto, kama anayemficha Mungu kitu. Huyo alinirudisha kwa mama, eti nilicheka katikati ya sala. Nilicheka, sikatai. Alikuwa anawaombea wanaokoroma. Kisha nikalala kwa mlinzi mmoja mstaafu aliyelala ameketi, tochi mkononi. Ukigeuka tu anakumulika usoni.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mzee."

"Haya, pita."

Nipite niende wapi, nami niko kitandani? Wa nne simsemi. Mama yake hunisalimia kila Jumapili.

Wa tano ndiye mjomba, mdogo wake mama, kitindamimba wa kwao. Ana chumba chake mwendo wa dakika tano kutoka kwetu, kitanda cha futi tatu na nusu, na mashine ya kunyolea ambayo huitumia kwangu na kwa yeyote asiyeyajali sana masikio yake. Kazi yake ni kupakia omena, dagaa wa ziwani. Jioni huondoka na lori kwenda Port Victoria, usiku wanapakia magunia, alfajiri wanayashusha sokoni Otonglo, na saa tatu asubuhi anaingia kulala. Wakati huo mimi niko darasani, nimetoka kitanda hichohicho saa kumi na moja na nusu. Kitanda cha zamu. Hakipati likizo, maskini, na nadhani katika sisi watatu ndicho kilichochoka zaidi.

Nacho kinanuka. Nasema hivi kwa mapenzi. Kinanuka omena mpaka kwenye misumari. Kuna paka wa jirani aliyehamia kwetu kwa ajili ya harufu hiyo, na asubuhi hunisindikiza hadi karibu na lango la shule. Darasani wanasema nimeshaoa, ila mke wangu ana mkia.

Kuna juma moja katika kila mwezi ambalo zamu huvunjika. Omena huvuliwa kwa taa: wavuvi huwasha taa juu ya maji gizani, samaki wakaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa hazimdanganyi yeyote, na wavuvi hukaa nyumbani wakitengeneza nyavu. Hakuna omena, hakuna lori, na mjomba yuko kitandani usiku kama watu wengine. Kuna wanaouona mwezi mpevu wakafikiria mapenzi. Mimi nikiuona nafikiria wanaume wawili kwenye futi tatu na nusu.

Katika majuma hayo ndipo nilipojua anavyolala. Hulala ukingoni kabisa, kwa ubavu, amenipa mgongo, mkono mmoja unaning'inia mpaka sakafuni na mguu mmoja uko nje ya blanketi, kama mtu aliyedokezwa kwamba kuna moto unakuja naye anataka awe wa kwanza mlangoni. Hageuki. Hakoromi. Nilimwona hivyo karibu mwaka mzima na sikuwaza lolote, mpaka jirani yangu wa dawati alipotuletea sayansi.

Huyu jirani alikuwa amesoma kwenye simu ya kaka yake kwamba ukimwona mtu anavyolala umeijua tabia yake. Alitueleza wakati wa mapumziko, tukiwa nyuma ya maabara na vikombe vya uji. Anayejikunyata kama mtoto, nje mkali, ndani laini. Anayenyooka kama rula ana majivuno. Anayelala kifudifudi haambiliki.

"Na anayelala kwenye Kemia?" nikamuuliza.

"Huyo atarudia mtihani."

Wakacheka. Nikaona huyu ananinyang'anya kazi. Yeye alikuwa amesoma juu ya watu waliolala. Mimi nilikuwa nimelala nao. Kufikia Ijumaa nilikuwa na wagonjwa wangu.

"Daktari, babangu hulala na soksi moja."

"Ya pili iko wapi?"

"Hatujui."

"Basi mzee ana siri. Itafuteni."

Naibu wa mwalimu mkuu, anayesinzia kwenye mikutano ya wazazi macho wazi, nilisema ni mtu asiyeuamini hata usingizi wake mwenyewe. Ushahidi sikuwa nao, wa hilo wala wa lolote. Nilikuwa nimechoka tu, na watu wakicheka usingizi hukaa mbali kidogo.

Basi Juni hii, mama akinisimamia nioshe sufuria, akaniambia kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi: "Jumapili mjomba wako analeta mgeni. Wa Port Victoria, anaanika omena huko. Anataka kuoa."

"Vizuri," nikasema.

"Unasema vizuri na uso wa matanga?"

Nilikuwa napiga hesabu. Chumba kimoja. Kitanda kimoja. Bibi arusi mmoja. Mtihani wangu wa mwisho ni Novemba, na hakuna kijana mwingine Nyalenda ambaye mama hajanipeleka kwake. Nilijiona nimekaa mbele ya karatasi ya Hisabati baada ya usiku kwa yule mlinzi wa tochi, msimamizi wa mtihani ananikaribia, nami namwambia ni mimi, Mzee. Dada zangu waliniuliza nacheka nini. Sikuwa nacheka.

Kwa hiyo nilichofanya Jumapili hiyo sikukifanya kwa bahati mbaya. Niliwaza juu yake kanisani, wakati wa mahubiri, na nikaona ni wazo zuri.

Mgeni alikuja na mfuko wa omena zilizokauka vizuri na nanasi moja. Ni mwanamke mrefu, mtulivu, mikono imeungua jua kuliko uso, na kwa kuwa kwao si Wajaluo tulizungumza Kiswahili mezani, hata mama, ambaye Kiswahili chake hukitoa kabatini kama sahani za wageni. Mjomba alikuwa amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, kwa hiyo hakuwa na safari. Alikula kimya, kama kawaida yake.

"Nasikia ndiye wewe unayekaa na huyu," mgeni akaniambia.

Mlango ukawa umefunguliwa. Nikaingia.

"Ndiyo, anti. Namjua huyu mpaka anavyolala."

"Kaka ni daktari wa usingizi," dada yangu mdogo akasema. "Shule nzima wanamjua."

"Ehee? Mjomba wako analalaje?"

Nikasimama. Nikavuta benchi, nikajilaza juu yake ukingoni kabisa, mkono chini, mguu nje, macho nimeyafumba, kisha nikaruka ghafla kana kwamba nimesikia moto. Dada zangu wakajipiga mapajani. Hata mama alitabasamu, kabla hajakumbuka kwamba kuna mgeni.

"Hivyo," nikasema, nikijipangusa. "Usiku kucha. Na kitaalamu, anti, mtu wa kulala pembeni ni mtu mwenye mguu mmoja njiani. Hatulii. Leo yuko, kesho humwoni. Sisemi ni mbaya. Nasema tu, ajuaye achunge."

Mama aliniangalia kwa jicho lile la kupima kama bado naenea kwenye fimbo za zamani. Mjomba alikata tonge, akalitia mchuzini, akalila. Hakunitazama.

Mgeni naye hakucheka. Alichomoa mwiba wa samaki polepole, akauweka ukingoni mwa sahani.

"Na wewe?"

"Mimi nini, anti?"

"Wewe hulala vipi?"

"Mimi?" Nikajinyoosha. "Mimi nalala katikati. Kama mtu mwenye amani na dunia."

"Kitanda chenyewe kina ukubwa gani?"

"Futi tatu na nusu," mjomba akajibu. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu sala ya chakula.

"Na huyu yuko katikati."

"Huyu yuko katikati," mjomba akasema. "Na magoti yake."

Mgeni akanigeukia, uso mkavu kabisa. "Sasa, daktari, kati yenu mgonjwa ni nani?"

Mama alicheka hadi akaweka bakuli chini. Dada zangu wakacheka. Mjomba akatikisa mabega kidogo, ambayo kwake ni kicheko kikubwa. Mimi nilikaa kwenye benchi langu nikala nanasi, na sikumbuki lilikuwa na ladha gani. Nimezoea watu wakicheka. Sijazoea wakicheka nami nikiwa sijafurahi.

Lililofuata ndilo lililonichosha kuliko yote ya miaka miwili. Mjomba hakusema kitu. Juma zima la mwezi mpevu tulilala kitanda kimoja, na kila jioni nilisubiri aniambie chukua blanketi lako uende. Kama angefoka ningejua pa kusimama. Alinitengea chai. Aliniuliza kama nimekula. Nilianza kulala nimejibana ukutani, mikono mbavuni, mfuko wa vitabu umefungwa tayari miguuni, nikisikiliza pumzi zake nyuma yangu. Nikapitiwa na usingizi kidogo, goti likasogea lenyewe, nikashtuka nikalirudisha kama mtu anayerudisha mbuzi zizini. Darasani nilianguka. Nililala Historia, nililala Biolojia, na ndiyo hiyo Kemia niliyokwisha kuitaja. Jirani yangu wa dawati alisema sasa nalala kwa mtindo ambao haumo hata kwenye simu ya kaka yake: macho wazi, kalamu inaandika, na nilichoandika ni neno "chumvi" mara sita.

Jumatano ya juma lililofuata, naibu wa mwalimu mkuu alisimama mbele ya mstari wa gwaride na kunionyesha kidole.

"Wewe. Hicho ni kichwa au kichaka?"

"Ni kichwa, Bwana."

"Nenda kakinyoe. Usirudi na hata unywele mmoja wa ziada."

Saa tano nilikuwa mlangoni kwa mjomba. Giza lilikuwa limerudi ziwani, lori limeanza safari tena, na nilijua nitamkuta amelala, ila mashine ya kunyolea iko kwake na sikuwa na pengine. Paka alikuwa kizingitini. Nikasukuma mlango taratibu.

Sikuwa nimewahi kumwona mjomba akilala peke yake. Yakikutana macho yangu na usingizi wake, huwa mimi nipo kitandani. Sasa alikuwa chali katikati ya kitanda, mikono ameitupa pande zote mbili, miguu imeachana, mdomo wazi, amejaza futi zote tatu na ile nusu. Amejitandaza kama omena kwenye nyavu za kuanikia. Alikuwa anakoroma, tena kwa bidii, kama mtu anayelipiza. Nikasimama pale na daftari langu mkononi. Nikahesabu kimoyomoyo miezi ambayo nimelala humo, nikaacha kuhesabu.

Bati juu likalia kwa joto. Mjomba akasikia, au alinisikia mimi. Hakufumbua macho. Aligeuka tu kwa ubavu, akajivuta, akajivuta tena, mpaka ukingoni, mkono ukaanguka ukagusa sakafu. Ule mwili ulikuwa unafanya kazi uliyoizoea.

"Ingia," akasema. "Viatu toa."

"Nimetumwa kunyoa, Mjomba."

"Nywele haziendi mahali. Lala kwanza. Unanuka usingizi kuliko mimi ninavyonuka samaki."

Nikavua viatu. Nikapita juu yake, nikajibandika ukutani. Sasa nikasema, kwa sababu nisingesema ningepasuka: "Yale maneno ya Jumapili ile. Nilitaka aogope asije."

"Najua."

"Ulijua?"

"Omera, ndugu yangu, hata paka alijua." Akalivuta blanketi begani. "Alicheka njia nzima nilipomsindikiza stendi. Akasema wanaume wanaokuja kwao wote husema wao ni wavumilivu. Uvumilivu wangu umeletewa shahidi."

"Na ndoa?"

"Desemba. Amesema mwenyewe, kijana amalize karatasi zake kwanza. Amesema ameshajua nalalaje, hana haraka." Akapiga miayo. "Lakini Desemba hiyo utoke. Kijijini kuna shamba la babako, nenda kajenge simba yako ulale kama meza, mguu kila pembe."

Nilitaka kumjibu kitu cha kuchekesha. Nilikuwa nacho kabisa, kilikuwa kinahusu meza. Sikufika nacho mwisho.

Niliamka kesho yake alfajiri. Mjomba alikuwa ameondoka na lori lake jioni bila kuniamsha, na karibu na mlango palikuwa na sahani iliyofunikwa. Dada yangu mdogo ndiye aliyeileta, na nilipopita kwetu kunywa chai alikuwa ananisubiri kwa hamu ya mtu mwenye ushahidi.

"Jana nilikuona ukilala," akasema. "Mjomba hayuko, kitanda chote kitupu, na wewe umejibana ukutani kama mjusi. Katikati kuna paka. Amelala chali."

"Na umeona maana yake ni nini, daktari?"

Akafikiria, mkate mdomoni. "Kwamba paka ndiye mwenye nyumba."

Mama akamwambia anyamaze, anywe chai, watu wanachelewa. Paka alinisindikiza mpaka karibu na lango. Nilikuwa nimelala saa kumi na nane, shingo imekakamaa kwa ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu Kidato cha Pili sikuwa na usingizi hata chembe. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa amesimama langoni, mikono nyuma, akiangalia kichwa changu kikimjia na nywele zake zote.